Papa, Saratani na Daftari la Hesabu

Hapo zamani, tena si za kale sana, alikuwepo mwanabiolojia kijana wa Kiitaliano aliyeitwa Umberto D'Ancona. Mwaka 1925 alikuwa akipekua madaftari ya masoko ya samaki kutoka bandari za bahari ya Adriatic: Trieste, Venice na Fiume. Makarani wa masoko hayo walikuwa wameandika, mwaka baada ya mwaka, ni samaki gani walioshushwa na kwa kiasi gani.

Ndani ya namba hizo D'Ancona alikuta fumbo. Mwaka 1914, katika kila sehemu 100 za samaki walioshushwa Fiume, karibu 12 zilikuwa papa, taa na jamaa zao, yaani samaki walao samaki wenzao. Mwaka 1918 sehemu hizo zilipanda hadi 36. Kufikia mwaka 1923 zilikuwa zimeshuka tena hadi karibu 11. Kilichopita katikati ni Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Uvuvi ulipungua sana, bahari ikapumzika. Mtu angetarajia samaki wote wanufaike sawasawa. Mbona walionufaika zaidi ni papa?

Swali hilo alimpelekea Vito Volterra, mtaalamu wa hisabati mwenye jina kubwa jijini Rome, ambaye binti yake Luisa aliolewa na D'Ancona. Volterra hakwenda kuvua. Alichukua kalamu akaandika kanuni mbili. Ya kwanza: samaki wadogo huzaana, lakini hupungua kila wanapokutana na papa. Ya pili: papa hufa wakikosa chakula, lakini huongezeka kila wanapokutana na samaki wadogo. Kanuni hizo akazigeuza kuwa milinganyo, akaikokotoa, na jibu likatoka: uvuvi ukipungua, anayefaidi zaidi ni mlaji, si mliwaji. Huko Marekani, Alfred Lotka alikuwa amefikia milinganyo ya namna hiyo hiyo kwa njia yake mwenyewe, na ndiyo maana hadi leo tunawataja wawili hao pamoja. Volterra, mjue, alikuwa mtu wa msimamo hata nje ya hesabu. Mwaka 1931 alikataa kula kiapo cha utii kwa utawala wa kiimla wa Mussolini nchini Italia, akapoteza kazi yake ya uprofesa.

Najua mnachotaka kuniuliza: papa wa Italia na saratani, wapi na wapi? Tulieni wanangu, ndipo tunapokwenda.

Seli iliyokataa kusimama

Mwili wa mtu mzima umejengwa kwa seli zipatazo trilioni 30. Kila seli ni chembe hai ndogo isiyoonekana kwa macho matupu. Huzaliwa, hufanya kazi yake, huzeeka na kufa, na nyingine huchukua nafasi yake. Seli mpya hupatikana kwa seli moja kugawanyika kuwa mbili, na kabla ya kugawanyika lazima inakili maelekezo yake yote, yaliyoandikwa kwenye DNA.

Anayenakili sana hukosea. Makosa mengi ya seli hayana madhara, na mengine hurekebishwa palepale. Lakini makosa kadhaa mabaya yakikusanyika ndani ya seli moja, seli hiyo huacha kusikia amri ya kusimama. Hugawanyika tu. Watoto wake hurithi ukaidi huo, na wajukuu pia. Hiyo ndiyo saratani.

Sasa hesabuni nami. Moja inakuwa mbili, mbili zinakuwa nne, nne zinakuwa nane. Baada ya kugawanyika mara 10, zimefika 1,024. Baada ya mara 20, zimepita milioni moja. Baada ya mara 30, zimepita bilioni moja, nao huo ni uvimbe wa kadiri ya sentimita moja tu. Maana yake ni kwamba siku daktari anapouhisi uvimbe kwa kidole, sehemu kubwa ya mambo imekwisha kutokea gizani.

Gizani humo seli za saratani hazikuwa peke yake. Damu na matezi yetu yamejaa seli za kinga, na mojawapo ya zile hodari katika kazi hii huitwa seli T. Seli T huanzia kwenye uboho, ndani ya mifupa, kisha huenda kukomaa kwenye tezi ya thaimasi, iliyoko kifuani nyuma ya mfupa wa kidari. Huko hupewa mtihani mkali: ile inayoshambulia mwili wenyewe huondolewa, na inayobaki ni ile inayoweza kutofautisha cha nyumbani na cha kigeni.

Inatofautishaje? Karibu kila seli ya mwili huchukua vipande vidogo vya protini inazotengeneza na kuvionyesha nje, juu ya utando wake. Seli T hupita ikivipapasa. Ikikuta kipande kisicho cha kawaida, hujibana kwenye seli ile, huutoboa utando wake kwa protini iitwayo perforini, na kupitia matundu hayo hupenyeza protini nyingine ziitwazo granzimu. Granzimu huilazimisha seli ijiue yenyewe. Kisha seli T hujibandua na kwenda kutafuta nyingine.

Tangu mwaka 2002 wanasayansi wameweza kuzipiga picha seli T zikitembea zikiwa hai ndani ya matezi ya panya, kwa hadubini zinazotumia miale ya leza. Mwendo wake ni kama mikromita 10 kwa dakika. Milimita moja ni mikromita 1,000, kwa hiyo hata ikienda bila kupinda, seli T huhitaji zaidi ya saa moja na nusu kuvuka milimita moja. Na kwa kawaida haiendi bila kupinda. Huzurura, hugeuka, hurudi ilikotoka.

Kwamba kinga huizuia saratani, sisi wa Afrika Mashariki tumeliona kwa macho yetu. Virusi vya Ukimwi vilipobomoa kinga za watu, saratani ya Kaposi ilienea kwa kasi. Mgonjwa akianza kumeza dawa za ARV na kinga yake ikarejea, mara nyingi madoa ya Kaposi hupungua. Kabla ya hapo, katika hospitali ya Mulago jijini Kampala, daktari Denis Burkitt alieleza mwaka 1958 uvimbe wa taya uliokuwa ukiwapata watoto, ambao sasa unabeba jina lake. Alipoanza kuutibu kwa dawa, aliona baadhi ya watoto wakipona kwa dozi ndogo mno, akahisi kwamba miili yao ilikuwa ikimalizia kazi ambayo dawa imeianza.

Mwaka 2002 Robert Schreiber na wenzake wa Marekani waliyapanga mambo haya katika hatua tatu. Kwanza, kinga huangamiza seli za saratani zinapochipuka. Pili, kama baadhi zimesalia, pande mbili hufikia mizani: saratani haitoweki wala haikui, hata kwa miaka mingi. Tatu, saratani huponyoka. Swali gumu ni hili: nini huamua kwamba mtu huyu abaki kwenye mizani na yule saratani yake iponyoke?

Vituo viwili na mpaka mmoja

Hapo ndipo papa wa Adriatic wanaporudi. Kuna mwindaji, seli T, na kuna mwindwa, seli ya saratani. Hukutana, mmoja hufa, mwingine huongezeka. Basi kwa nini tusiandike kanuni kama alivyofanya Volterra?

Wengi wameandika. Modeli mojawapo inayotajwa sana ilichapishwa mwaka 1994 na Vladimir Kuznetsov pamoja na wenzake watatu, mmoja wao akiwa Alan Perelson wa maabara ya Los Alamos, Marekani. Modeli ni maelezo ya jambo kwa kanuni na namba, yanayoweza kukokotolewa mbele ili kuona yanafikia wapi. Yao ina milinganyo miwili tu.

Mlinganyo wa kwanza unazihusu seli za saratani. Huongezeka kwa kasi fulani, hupunguza kasi zinapokaribia kikomo cha nafasi na chakula, na hupungua zinapokutana na seli za kinga. Wa pili unazihusu seli za kinga. Mwili huzileta kidogo kidogo kila siku. Huongezeka zinapochochewa na kuwepo kwa saratani. Hufa kwa uzee. Na baadhi huishiwa nguvu zikiwa kazini. Hili la mwisho ndilo linalozitenga na papa. Papa akila hupata nguvu. Seli T ikiua sana huchoka.

Namba za kuingiza kwenye milinganyo hazikubuniwa. Zilitokana na vipimo vya panya wa maabara waliokuwa na saratani iitwayo BCL1. Kwa vipimo hivyo, saratani ile ikiachwa peke yake huongezeka kwa takriban 18 kwa kila 100 kwa siku, na seli ya kinga huishi kama siku 24.

Wakaisukuma milinganyo mbele, siku baada ya siku. Walichokikuta ni vituo viwili ambako mapambano yanaweza kutulia. Katika kituo cha kwanza kuna seli za saratani karibu milioni 8, zikidhibitiwa na seli za kinga karibu milioni 1.6. Saratani ipo, lakini imelala. Katika kituo cha pili seli za saratani zinakaribia milioni 450, na seli za kinga zimebaki chini ya laki mbili. Panya ni yule yule, kanuni ni zile zile, namba za kasi ni zile zile. Kati ya vituo hivyo upo mpaka, nao hautegemei wingi wa saratani peke yake, bali pia wingi wa seli za kinga zilizokuwepo wakati huo. Ukianzia upande mmoja wa mpaka, unateremkia kwenye usingizi. Ukianzia upande wa pili, hata kwa tofauti ndogo, unateremkia kwenye maafa.

Hebu lisomeni tena hilo, maana ndilo kiini cha hadithi yangu. Mwanzo unaotofautiana kidogo unaweza kuleta mwisho unaotofautiana kabisa. Akili zetu hazikuzoea hivyo. Tumezoea kwamba jambo dogo huleta badiliko dogo. Lakini pale ambapo wingi wa huyu unaongeza au kupunguza wingi wa yule, na wa yule unarudi kumgusa huyu, kukisia kwa hisia hakutoshi. Inabidi kukokotoa.

Modeli hiyo ilisaidia pia kuelezea ajabu nyingine iliyokuwa imeonekana kwa wanyama. Ukipandikiza seli chache sana za saratani, uvimbe huota. Ukipandikiza kiasi cha wastani, mwili huzikataa. Ukipandikiza nyingi, uvimbe huota tena. Kwa nini chache zifaulu pale kiasi cha wastani kinaposhindwa? Kwa sababu zikiwa chache hazichochei kinga vya kutosha. Huongezeka kimyakimya, na kinga inapokuja kuamka kwa nguvu zake zote, zimekwisha kuwa nyingi mno.

Wengine walikuja kuongeza maarifa juu ya hayo. Mwaka 2005, Lisette de Pillis na Ami Radunskaya, wanahisabati wa California, pamoja na mwenzao, walilinganisha modeli yao na vipimo vya panya na vya binadamu. Walikuta kwamba kwa seli T, hesabu hulingana vizuri na vipimo ukitazama uwiano: kuna seli T ngapi kwa kila seli moja ya saratani?

Chukueni daftari la hesabu

Milinganyo ya aina hiyo ina udhaifu mmoja. Huzihesabu seli zote kana kwamba zimekorogwa pamoja, kila moja ikiwa na nafasi sawa ya kukutana na nyingine. Mwili hauko hivyo. Uvimbe una katikati na una pembeni. Una mishipa ya damu upande huu na hauna upande ule. Seli iliyo mbali na mshipa, hata kwa sehemu ya tano ya milimita, hukosa oksijeni. Kwa hiyo pamoja na swali la ngapi, lazima tuulize wapi.

Njia ya kuuliza wapi ilianza miaka ya 1940, pale John von Neumann na Stanislaw Ulam walipowaza juu ya ubao wa visanduku ambamo kila kisanduku hufuata kanuni kwa kutazama majirani zake tu. Mwaka 1970 dunia ilivutiwa na mchezo wa namna hiyo uliobuniwa na John Conway, mwanahisabati wa Uingereza. Kisanduku hai hubaki hai kikiwa na majirani hai wawili au watatu. Kilichokufa hufufuka kikiwa na watatu kamili. Kanuni ni chache hivyo, lakini maumbo yanayotoka hayana mwisho.

Wa kwetu tutauchezea nyumbani. Chukueni karatasi ya daftari la hesabu, lile lenye visanduku, mchore ubao wa visanduku 10 kwa 10, vikubwa vya kutosha kuweka punje. Tafuteni maharage, mahindi na dadu moja. Maharage ni seli za saratani. Wekeni sita katikati, yakigusana. Mahindi ni seli T. Wekeni manne, kila moja visanduku viwili kutoka kwenye maharage. Kila duru ina hatua nne.

Kwanza, rusha dadu kwa kila haragwe. Ikitoka 6, na kama kuna kisanduku kitupu kando yake, ongeza haragwe jipya hapo. Haragwe lililozungukwa pande zote haliwezi kuzaa.

Pili, sogeza mahindi. Punje inayogusa haragwe haisogei. Nyingine zote, rusha dadu: 1 juu, 2 chini, 3 kushoto, 4 kulia, 5 na 6 inabaki ilipo. Kisanduku cha mbele kikiwa na kitu, au ukifika ukingoni, inabaki ilipo.

Tatu, kila punje ya mahindi inayogusa haragwe kwa ubavu hurushiwa dadu. Ikitoka 4, 5 au 6, haragwe moja inaloligusa linaondolewa. Weka alama kwenye karatasi pembeni, kwa maana punje ikishaua mara tatu imechoka, nayo inaondoka ubaoni.

Nne, kwa kila maharage mawili yaliyouawa katika duru hiyo, ongeza punje mpya ukingoni mwa ubao. Hiyo ni kinga inayoitikia mwito.

Endeleeni hadi maharage yaishe au yajaze nusu ya ubao. Kisha chezeni upya, tena na tena, mkiandika nani ameshinda na baada ya duru ngapi. Matokeo hayatafanana, kwa sababu dadu ni bahati, na mwili nao una bahati zake. Mkishakuwa na matokeo ya kutosha, badilisheni kitu kimoja tu. Anzeni na maharage 12. Au fanyeni punje zichoke baada ya kuua mara moja. Au zianzie ukingoni badala ya karibu. Linganisheni na matokeo ya awali. Msibadilishe vitu viwili kwa pamoja, la sivyo hamtajua ni kipi kilicholeta tofauti.

Wanangu, hapo mtakuwa mmefanya kile kile kinachofanywa na maabara kubwa. Tofauti ni kwamba kompyuta hurusha dadu mamilioni kwa mamilioni bila kuchoka mkono.

Kuzurura nako kuna faida

Mwaka 2018 Paul Macklin wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, pamoja na wenzake, walichapisha maelezo ya programu yao iitwayo PhysiCell, ambayo mtu yeyote anaweza kuipakua bure. Ndani yake kila seli ina ukubwa wake, hali yake na mahali pake. Inasukumana na jirani, inatumia oksijeni, inagawanyika, inakufa. Kompyuta ya kawaida ya mezani inaweza kufuatilia seli laki moja na zaidi kwa namna hiyo.

Katika mfano mmoja walioutoa, walitia seli za kinga karibu na uvimbe na kuzipa uwezo wa kufuata kemikali inayotoka kwenye seli za saratani. Mngedhani kadiri zinavyoifuata kwa uaminifu ndivyo zitakavyofaulu. Sivyo ilivyotokea. Zilikimbilia kule kemikali ilikokolea, zikasongamana katikati, zikizipita seli nyingi za saratani njiani. Zilizobaki pembeni zikapata nafasi, na uvimbe ukaota upya. Seli za kinga zilipopewa mwendo wenye kuzurura kidogo, zilikutana na seli za saratani kwa ufanisi zaidi. Mnaweza kulijaribu hili ubaoni: mara moja punje zifuate dadu, mara nyingine zielekee moja kwa moja kwenye haragwe la katikati.

Watafiti wa Ujerumani, katika kazi waliyoichapisha mwaka 2017, walitumia picha za vipande vya saratani ya utumbo mpana vilivyotoka kwa wagonjwa, wakajenga modeli ya seli moja moja. Waliweka na kitu ambacho ubao wetu hauna: tishu ngumu inayouzunguka uvimbe na kuzizuia seli za kinga zisiingie. Modeli ikaonyesha kwamba kuichochea kinga peke yake hakutoshi pale tishu hiyo ikiwa nzito. Matokeo mazuri zaidi yalipatikana kwa kuunganisha mambo mawili, kuamsha kinga na kulegeza kizuizi.

Kuachia breki

Saratani ina hila nyingine. Seli T ina breki juu ya utando wake, kama ilivyo kwa pikipiki, na breki hiyo ina kazi njema, kwani bila hiyo kinga ingeshambulia mwili mzima. Breki mojawapo huitwa PD-1, na nyingine CTLA-4. Seli nyingi za saratani hujifunza kuikanyaga breki ya PD-1. Seli T hufika, hugusa, kisha husimama tu bila kuua.

Breki ya PD-1 iligunduliwa mwaka 1992 katika maabara ya Tasuku Honjo nchini Japani. Naye James Allison wa Marekani alionyesha mwaka 1996 kwamba ukiizuia CTLA-4 kwa panya, kinga yao inaweza kuufuta uvimbe. Dawa ya kwanza ya aina hii iliidhinishwa Marekani mwaka 2011, kwa saratani ya ngozi iitwayo melanoma. Mwaka 2018 wawili hao walitunukiwa Tuzo ya Nobel. Kuna wagonjwa waliokuwa wameambiwa hakuna tumaini ambao wako hai hadi leo kwa dawa hizo. Lakini wengi hawazipokei vizuri, na kwa wengine kinga iliyoachiwa breki hugeuka kushambulia utumbo, ini au ngozi.

Katika modeli, dawa kama hiyo ni badiliko la namba: seli T zinachelewa kuchoka. Mtafiti anaweza kuuliza, je, badiliko hili linatosha kuuvuka mpaka? Dawa itolewe mapema au ichelewe? Itangulie mionzi au ifuate? Akajaribu njia elfu kwenye kompyuta, kisha akachagua chache zenye dalili njema za kupeleka kwa panya, na baadaye sana, kwa tahadhari, kwa binadamu.

Yule Perelson niliyemtaja alishaonyesha kwamba njia hii huleta matunda. Mwaka 1996, akiwa na daktari David Ho na wenzao, alitumia milinganyo kusoma namba za virusi katika damu ya watu wenye VVU walioanza dawa. Walikadiria kwamba mwili wa mgonjwa mmoja huzalisha virusi takriban bilioni 10 kila siku. Wingi huo ulimaanisha mabadiliko mengi kila siku, hivyo dawa moja ingezoewa upesi. Kazi hiyo ilisaidia kuimarisha hoja ya kutumia dawa kadhaa kwa pamoja, kama zinavyotumika leo katika hospitali za Mulago, Muhimbili na kwingineko.

Msikosee, lakini. Modeli haijui lolote isipokuwa kile ilichoambiwa. Ukiiambia kwamba seli T haichoki, itakupa ulimwengu usio na uchovu. Namba za panya si namba za mtoto, na uvimbe wa mtu mmoja hubadilika kadiri siku zinavyopita. Kwa hiyo modeli njema ni ile inayosema waziwazi kanuni zake, ikatabiri jambo linaloweza kupimwa, kisha ikakubali kusahihishwa na damu, picha na vipimo vya watu halisi. Inayokataa kupimwa haina haki ya kumwongoza daktari.

Nina maneno mawili kwenu. La kwanza: msiwasikilize wanaosema hisabati ni ya wengine na biolojia ni ya wengine. Kazi hii inamtaka mtu anayezijua zote mbili, na hospitali zetu zitawahitaji watu hao, kwa sababu namba za wagonjwa wa kwetu lazima zikusanywe na kukokotolewa na wanaowajua wagonjwa wa kwetu. La pili linatokana na ule mpaka wa Kuznetsov: muda una maana. Ukiona uvimbe usiopotea, kidonda kisichopona au taya ya mdogo wako imevimba, usikae ukisubiri. Mwambie mzazi au mlezi siku hiyo hiyo, mwende kituo cha afya.